Gundi ni Mshenga, Uzi Ndio Ndoa: Somo la Viraka Nililolipata Machakos



Wiki hii naomba tupumzike kidogo na siasa za kaunti na bei ya unga. Nataka tuzungumze habari ya gundi. Najua wapo watakaosema huyu mama leo amekosa la kuandika. Lakini nisikilizeni kwanza, maana gundi hii nusura initie aibu mbele ya watu ninaowaheshimu, na nusura ivunje kikundi cha kina mama kumi na wanne wanaotegemea sindano zao kulipa karo.

Kisa chenyewe ni hiki. Mdogo wangu ameolewa Machakos, yapata mwaka wa tisa sasa. Huko amejiunga na kikundi cha kina mama wanaoshona mifarishi ya watoto kwa mabaki ya vitenge, leso na mashuka. Wengi wao ni Wakamba, wachache ni Waislamu wa pale mjini, na wote wanashona vizuri kunishinda mimi. Mwaka jana ustadhi wa madrasa moja hapa Mombasa aliniuliza kama namjua mtu wa kumshonea miswala arubaini ya wanafunzi: laini, yenye pamba ndani, na yenye pambo la mihrabu lililokatwa kwa kitambaa cha rangi nyingine na kushonewa juu. Nikamwambia, "Ustadhi, watu ninao." Nikapokea nusu ya malipo, nikayatuma Machakos kwa simu siku hiyo hiyo.

Kosa lilianzia kwangu. Kina mama walilalamika kwamba kazi haiendi. Wakiweka pini, mihrabu inateleza chini ya mashine. Wakipiga bandi, siku nzima inakwisha kwa miswala miwili. Mimi, kwa ujuaji wangu, nikapiga simu nikawaambia, "Nunueni ile gundi ya fundi viatu. Inashika ngozi, itashindwa na kitambaa?" Wakaniamini, kwa sababu mimi ndiye niliyeleta kazi na mimi ndiye mwenye stashahada. Stashahada yangu ni ya uandishi wa habari. Haina hata ukurasa mmoja wa gundi.

Miswala kumi na miwili ya kwanza ilifika Mombasa ikipendeza. Ustadhi akaifua kabla ya kuwapa watoto. Ilipotoka kwenye kamba ya kuanikia, mihrabu zilikuwa zimefura kama maandazi, pembezoni mwa kila kiraka kuna mstari wa rangi ya chai, na mahali pa kusujudia pamekuwa pagumu kama kadibodi. Mtoto mmoja akasema panamkwaruza paji la uso. Ustadhi hakunigombeza. Alinirudishia miswala imekunjwa vizuri, akasema tu, "Dada, nadhani kuna kitu hakikwenda sawa." Afadhali angenigombeza.

Nikapanda basi la Nairobi, nikashuka Makutano ya Kyumbi, nikachukua matatu mpaka Machakos mjini. Nilikaa siku sita. Haya ninayowaandikia ndiyo tuliyojifunza pamoja, na nayaandika kwa sababu hapa Pwani nako wapo kina dada wengi wanaoshona foronya, mapazia, mifarishi na mikoba ya viraka kwa ajili ya kuuza. Asije mwengine akalipa ada niliyolipa mimi.

Kwanza, kiraka cha pambo ni nini?

Kiraka tunachokijua sote ni cha kuziba tundu. Kiraka ninachozungumzia hapa ni cha urembo: unakata kitambaa kwa umbo fulani, ua au nyota au mihrabu, unakiweka juu ya kitambaa kingine na kukishona ukingoni. Sanaa hii si ngeni Afrika. Kule Cairo, mafundi wa mtaa wa Khayamiya karibu na lango la Bab Zuwayla wanashona mapazia na mahema kwa njia hii mpaka leo. Kule Abomey, nchini Benin, mafundi wa ufalme wa zamani wa Dahomey walishona picha za simba na za silaha za wafalme kwa vitambaa vya rangi juu ya kitambaa cheusi au cheupe.

Na wapo jamaa zetu wa mbali. Katika jimbo la Karnataka, India, kuna Wasidi, watu wenye asili ya Afrika waliofika huko karne nyingi zilizopita, wengine kwa njia ya biashara ya utumwa ya Waarabu na Wareno. Wanawake wao hushona mifarishi iitwayo kawandi kwa vipande vya nguo kuukuu. Huanzia pembeni na kuzunguka wakielekea katikati, kila kipande kikikunjwa ukingo na kupigwa bandi ya mkono papo hapo. Nilipowaeleza haya kina mama wa Machakos, mmoja wao akauliza, "Na gundi yao ni gani?" Nikamjibu kwamba hawana gundi. Mkono mmoja unashikilia, mwengine unashona.

Basi jambo la kwanza la kujua ni hilo. Gundi si lazima. Ni msaada wa kupunguza muda.

Gundi ni mshenga

Katika kikundi yumo mwalimu mstaafu wa sayansi wa shule ya sekondari. Vijana pale humwita mwaitu, maana yake mama, lakini mimi nilimwita Mwalimu, nikaketi kama mwanafunzi. Neno lake la kwanza lilikuwa hili: kinachoshika kiraka miaka yote ni uzi. Gundi kazi yake ni kukizuia kisisogee mpaka uzi ufike.

Nikamwambia, "Kumbe gundi ni mshenga." Kwetu mshenga huenda, hurudi, hukutanisha pande mbili, na ndoa ikishafungwa huenda zake. Mshenga akihamia kwenye nyumba ya maharusi, kuna matatizo. Mwalimu akacheka sana. Tangu siku hiyo kila gundi iliyoletwa mezani waliiuliza, "Huyu mshenga ataondoka au atahamia?"

Na kweli ndilo swali la kwanza. Yapo manne kwa jumla, na ukiyajibu kabla ya kwenda dukani hutapoteza pesa.

La kwanza: gundi hii itatoka kwenye maji au itabaki? La pili: nitashona kwa mkono au kwa mashine, na sindano itapita? La tatu: kitambaa changu kinavumilia pasi ya moto? La nne: kitu hiki kitatumiwa wapi? Mfarishi wa mtoto mchanga utatiwa mdomoni. Mswala utaguswa na paji la uso mara nyingi kila siku. Pazia halitaguswa na mtu, lakini litapigwa na jua.

Uji wa unga

Hii ndiyo gundi ya bibi zetu. Chukua vijiko viwili vya unga wa muhogo au wa ngano, koroga kwenye kikombe kimoja cha maji baridi mpaka madonge yaishe, kisha pika kwa moto mdogo huku ukikoroga. Uji ukiwa mzito na kuanza kung'aa, epua. Mwalimu alitueleza sababu: chembe za wanga hazinati kwenye maji baridi. Zikipata moto hufyonza maji, huvimba na kupasuka, na ule utelezi unaotoka ndio unaonata. Ndiyo maana unga uliokorogwa bila kupikwa hushika vibaya na kuacha vumbi.

Wayoruba wa Nigeria wanaijua nguvu ya muhogo. Katika nguo zao za adire hupaka uji wa muhogo kwenye kitambaa ili rangi ya nili isiingie pale palipopakwa, kisha huuosha wakishamaliza. Ukitoka kwao, utatoka na kwako.

Uzuri wa uji huu ni kwamba ni rahisi kwa bei, hauna harufu, haumdhuru mtoto, sindano inapita ndani yake na ukifua unaondoka wote. Tena unakipa kitambaa chembamba ugumu kidogo, ukikata hakiyumbi. Ni ndugu wa ile kanji tunayotia kanzu na kofia.

Ubaya wake ni kwamba ni chakula. Mende na wadudu wengine wanaokula wanga wataufuata. Na sisi wa Pwani tuna ubaya wa pili, nao ni unyevu. Machakos iko juu, kama mita 1,600 hivi kutoka usawa wa bahari, na hewa yake ni kavu. Kiraka nilichopaka uji asubuhi kilikauka kabla hatujamaliza chai. Nilipojaribu uji huo huo kwangu Mombasa baada ya kurudi, mpaka adhuhuri ulikuwa bado unyevu, na kipande nilichokisahau kwenye mfuko wa plastiki kilikuwa na ukungu baada ya siku chache. Kwa hiyo Mpwani akitumia uji apake kidogo, ashone upesi, na afue kabla ya kuweka kabatini.

Gundi nyeupe ya shule

Hii ni ile ya chupa wanayotumia watoto kubandikia karatasi. Ndani yake mna vijichembe vya plastiki laini vilivyotawanyika majini. Maji yakikauka, chembe zinakaribiana na kuungana kuwa utando mmoja. Lakini tahadhari: gundi zote nyeupe hufanana kwa rangi na hazifanani kwa tabia. Ipo iliyoandikwa kwamba inafulika, na ipo ya seremala iliyotengenezwa makusudi isiachie mbao ikilowa. Ya seremala ikiingia kwenye mfarishi haitoki tena. Soma chupa. Kama haina maandishi ya kueleweka, paka kwenye kitambaa kibovu, acha mpaka kesho, kisha fua.

Namna ya kuitumia ni kwa vitone vidogo, kama punje za mchele. Usimwage. Ukimwaga itapenya na kutokea juu, na palipolowa patakuwa pagumu. Kama utashona kwa mkono huku ukikunja ukingo ndani, weka vitone mbali na ukingo, kama sentimita moja, ili upate nafasi ya kukunja. Kama utashona kwa mashine bila kukunja, sogea karibu na ukingo, hapo ndipo kitambaa hufumuka. Kisha weka kitambaa kikavu juu, kandamiza kwa pasi sekunde chache, itakauka upesi.

Gundi ya kijiti nayo ni ya aina hii. Inafaa viraka vidogo kama nyota na majani. Ila kwenye joto letu hulainika kama siagi, basi iweke mahali pa baridi.

Utando wa gundi wa pasi

Hapa ndipo wengi wanapobabaika dukani. Kuna stei ya kola, ambayo mafundi wote wanaijua. Ile ina gundi upande mmoja tu. Kazi yake ni kukipa kitambaa ugumu, haiwezi kuunganisha vitambaa viwili. Kitu ninachokizungumzia hapa ni utando mwembamba wa gundi tupu, unaonata pande zote mbili, na mara nyingi huuzwa ukiwa umeshikamana na karatasi. Ukimwambia muuzaji "nataka ya kupiga pasi" bila kufafanua, atakupa stei, na hutaweza kumlaumu.

Matumizi yake ni haya. Chora umbo lako kwenye ile karatasi, lakini ulichore kinyume, kama linavyoonekana kwenye kioo, maana litageuka. Mihrabu na nyota hazina shida, kulia na kushoto ni sawa. Herufi na hilali zina shida, na mimi nimewahi kutoa jina la mtoto likisomeka kwa nyuma. Kata ukiacha nafasi kidogo nje ya mstari. Pigia pasi upande wa nyuma wa kitambaa cha kiraka. Ikipoa, kata juu ya mstari wenyewe, bandua karatasi, weka kiraka mahali pake na upige pasi tena.

Pasi ikandamizwe na kuinuliwa. Usiiburute kama unayenyoosha shati, kiraka kitasogea na utando utajikunja. Fuata joto na sekunde zilizoandikwa kwenye pakiti. Kwa kina mama wanaotumia pasi ya makaa nawaonea huruma, kwa sababu moto wake haupimiki na jivu linaweza kuruka. Wawe na kitambaa cha pamba juu ya kazi, na wajaribu kwanza. Vilevile angalieni kitambaa chenyewe. Pamba huvumilia pasi ya moto mkali. Vitenge vingi vya bei nafuu vina nyuzi za poliesta, ambazo joto hilo huweza kuzikunjamanisha au kuziacha zinang'aa.

Utando huu ni mshenga anayehamia nyumbani. Hautoki kwenye maji. Kwa hiyo uzito wake ni jambo kubwa. Upo mzito uliotengenezwa kwa kazi isiyoshonwa kabisa, nao ukiushona, sindano inanata na uzi unakatika. Upo mwepesi unaoruhusu sindano. Kwa mfarishi chukua mwepesi siku zote, na mashine uitie sindano nyembamba, namba 11 au 12, badala ya 14 au 16.

Na kuna ujanja mmoja ambao uliniokoa mimi hasa. Baada ya kuchora umbo kwenye utando, kata katikati yake uitoe, ubakishe mkanda mwembamba tu wa pembezoni, kama upana wa kidole. Kiraka kitashikwa ukingoni, na katikati kitabaki kitambaa kitupu, laini kama kilivyo. Mihrabu yetu tuliifanya hivyo. Mahali pa paji la uso pakawa laini.

Hizi usiziguse

Nianze na yangu, gundi ya viatu. Ni mpira ulioyeyushwa kwa kimiminika kikali. Kimiminika kinapaa na kuacha mpira ndani ya nyuzi. Mpira hautoki, na kadiri hewa na jua vinavyoupiga ndivyo unavyogeuka rangi. Huo ndio mstari wa chai ulioonekana kwenye miswala. Mvuke wake unaumiza kichwa na kifua, na unashika moto upesi. Kina mama wale walikuwa wakiipaka kwenye chumba kimoja na pasi ya makaa. Nilipoliona hilo kwa macho yangu nilinyamaza kimya. Miswala kumi na miwili kuharibika lilikuwa jambo dogo mbele ya lile ambalo lingeweza kutokea, na ni mimi niliyewaambia.

Ya pili ni supaglu. Watu wengi hawajui kwamba supaglu ikimwagika kwenye pamba huganda kwa kasi na kutoa joto kali, kiasi cha kuunguza ngozi na hata kutoa moshi. Usibandikie kitambaa, na usiipanguse kwa pamba.

Ya tatu ni gundi ya bunduki, ile ya vijiti vinavyoyeyushwa kwa umeme. Inaacha donge, na siku ukipiga pasi itayeyuka tena.

Ya kupulizia kwa kopo imetengenezwa kwa kushikisha tabaka tatu za mfarishi, na hiyo kazi inaifanya. Lakini ni ghali, na inataka kutumiwa nje penye hewa, mbali na jiko. Kwa kikundi chenye chumba kimoja haifai.

Mama mmoja Muislamu aliuliza swali zuri: "Je, gundi zenye mifupa ya wanyama?" Gundi ya moto ya maseremala wa zamani ilitengenezwa kwa ngozi na mifupa, ni kweli. Uji ni unga na maji tu, na gundi nyeupe kama ile tuliyotumia pamoja na utando wa pasi ni vitu vya kiwandani visivyo na mnyama. Hukumu za zaidi ya hapo waulizwe wenye elimu yake.

Kwa nini zilifura?

Ule ubaya wa rangi nimeueleza. Kufura kulikuwa na sababu nyingine. Hatukufua vitambaa kabla ya kukata. Leso mpya na kitenge kipya hutoka dukani na kanji ya kiwandani, ndiyo maana hukwaruza kidogo mkononi. Kanji hiyo huzuia gundi isiingie kwenye nyuzi. Tena pamba ikifuliwa mara ya kwanza hujikunja, na leso haikunjiki sawa na kitenge. Chini kikajikunja zaidi, juu kikajikunja kidogo, na gundi ya mpira ikashikilia pale pale kwa ukaidi. Kitambaa kilichozidi kikose pa kwenda, kikafura.

Dawa yake haina gharama. Fua vitambaa vyote kwanza, cha juu na cha chini, bila kutia kitu cha kulainisha nguo, kwa sababu nacho huzuia gundi. Nyekundu na buluu nzito uzifue peke yake mpaka maji yatoke meupe. Kausha, piga pasi, ndipo ukate.

Jaribio la siku tatu

Siku ya pili Mwalimu alikata kipande kimoja cha shuka kuukuu, akakigawa vyumba vitano kwa kalamu. Kila chumba tulibandika kiraka cha ukubwa wa kiganja: uji wa muhogo, gundi ya shule, utando mzima, utando uliotobolewa katikati, na cha tano pini na bandi bila gundi. Tukashona vyote kwa mashine. Tukafua kwa sabuni na kusugua kama afuavyo mtoto wa bweni, tukaanika juani, tukapiga pasi. Tukarudia mara tatu kwa siku tatu.

Uji na gundi ya shule vilitoka bila kuacha alama, na kitambaa kikawa laini. Utando mzima ulikuwa nadhifu kuliko vyote kwa macho, lakini ulipokunjwa ulipiga kelele kama karatasi. Uliotobolewa ulikuwa nadhifu na laini. Cha bandi kilikuwa kizuri pia, ila ncha moja ilikwenda upande.

Tukaamua hivi. Miswala yote: utando mwepesi uliotobolewa kwa mihrabu, kwa sababu ile ncha ya juu inataka kunyooka. Mifarishi ya watoto wachanga: uji, tena ishonwe kwa mkono na ifuliwe kabla ya kuuzwa. Foronya na mikoba: gundi ya shule. Mtu mwenye kazi nyingine aamue kwa maswali yake manne, si lazima afuate sisi.

Kile kipande cha shuka mpaka leo kimetundikwa ukutani kwenye chumba chao. Mteja akiuliza "itadumu?", wanamuonyesha. Nadhani kimewauzia kuliko maneno yangu yote.

Malipo ya kosa

Kitambaa cha miswala kumi na miwili nilikilipa mimi. Kikundi kilikataa mwanzo. Mwenyekiti wao akasema, "Sisi ndio tulioshona." Nikamwambia mwenye kutoa shauri ndiye mwenye kulipa, asiyejua anyamaze au aulize. Baadhi ya kina mama walikuwa wameshaanza kusema warudi kuuza mboga, maana pesa ya nusu ilikuwa imekwisha na kazi haipo. Wawili waliondoka kweli. Mmoja amerudi.

Miswala arubaini ilifika madrasa ikiwa imechelewa wiki tano. Ustadhi aliipokea, akaifua yote mbele yangu bila kuniambia kwa nini, akaianika uani. Tukakaa tukinywa kahawa mpaka ikakauka. Akachukua mmoja, akaukunja, akausikiliza sikioni, akapitisha kiganja juu ya mihrabu. Kisha akaniuliza kama kina mama wa Machakos wanaweza kushona mingine thelathini ya upande wa wasichana.

Safari hii nilimwambia, "Ustadhi, nipe siku moja niwaulize wenyewe."